Mdhamini Aliyeruka Dhamana

Nimetia saini karatasi nyingi za watu katika maisha yangu, nyingine bila kuzisoma, lakini iliyowahi kuninyima usingizi ni moja tu, na haikuwa ya mahakama. Ilikuwa ya hospitali. Ilisema kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mwenye sukari, ameruhusiwa kwenda nyumbani Alhamisi kuweka mambo yake sawa, na kwamba Jumatatu asubuhi atarudi wodini kukatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto kabla uozo haujapanda. Chini paliachwa nafasi ya jina la mtu atakayehakikisha anarudi. Muuguzi alinisogezea kalamu. Mgonjwa akaniangalia kwa jicho la fundi anayemwona mwanagenzi wake ameshika msumeno.

"Soma kwanza, kijana," alisema. "Nimekufundisha nini?"

Kijana mwenyewe nina miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili. Nikajifanya nasoma, nikasaini.

Nikieleza mtu huyu alikuwa wa namna gani, utaelewa kwa nini nilisaini bila wasiwasi, na pia kwa nini huo ulikuwa upumbavu. Pale Ifakara kila aliyewahi kukanyaga viwanja vya mahakama anamjua kwa cheo kimoja tu, Mdhamini. Hata akipiga simu alijitaja hivyohivyo: "Hapa Mdhamini." Mke wake alimwita Mdhamini. Nadhani na Mungu alishazoea.

Huku kwetu hakuna duka la kuuza dhamana. Mtu akishtakiwa, hakimu anataka watu wawili wenye vitambulisho, barua ya mtendaji na kitu kisichohamishika, shamba au nyumba, wasaini kwamba mshtakiwa atakuja kila akiitwa. Asipokuja, wanaobanwa ni wao. Mdhamini alikuwa na nyumba ya bati na shamba la mpunga, na alikuwa na udhaifu wa kuwaamini watu ambao hata mama zao walikuwa wanasita kuwasainia. Sheria haitaki mtu aifanye dhamana kuwa biashara, naye hakuifanya. Alipokea asante, na asante ya bonde letu ni bata. Uani kwake walijaa bata wa kesi za wizi, bata wa kesi za ugomvi wa mipaka, na dume mmoja mkali wa kesi ya matusi ambaye hakuna mgeni aliyempenda.

Wengi aliowasainia walirudi mahakamani wenyewe. Wachache waliotoroka aliwafuata mwenyewe kwa miguu yake. Mimi niko upande huo wa pili: nawafuata watoro kwa niaba ya wadhamini wasio na muda au nguvu. Wenyewe tunajiita wafuatiliaji. Wake zetu wanatuita wazururaji.

Tulifahamiana Masagati, nikiwa nimemkalia mgongoni.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi wa pampu ya maji aliruka dhamana. Wadhamini wake wawili walikuwa hawasemezani, kwa hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake anafanya nini. Mmoja alinituma mimi. Wa pili alikuwa Mdhamini, naye hamtumi mtu, huenda mwenyewe. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nina miwani nyeusi, buti, na kadi nilizochapisha Morogoro zenye maneno "Mtaalamu wa Kutafuta Watu Waliopotea kwa Makusudi." Nikafika Masagati, nikauliza kama kuna mgeni kijijini. Nikaambiwa yupo, mzee mfupi, amefikia kwa katekista, anaulizauliza sana habari za watu. Nikasema moyoni, huyo ndiye. Yeye naye aliuliza kama kuna mgeni, akaambiwa yupo, amevaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, hataki kuonekana macho. Naye akasema moyoni, huyo ndiye.

Siku mbili nzima tulizungukana katika mashamba ya watu. Mimi nikijificha nyuma ya mgomba, yeye yuko nyuma ya mgomba mwingine. Siku ya tatu asubuhi nikamrukia kwenye njia ya mtoni. Tukabingirika mpaka ndani ya jaruba la mpunga. Mtu aliyekuwa analima jirani akaacha jembe, akaja kutuamua. Alitupa maji ya kunywa, akasuuza kofia ya Mdhamini iliyojaa tope, akauliza ugomvi ni wa nini. Kila mmoja akamweleza kwa fahari kazi yake, na jina kamili la mtu anayemtafuta. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema dunia ina mambo, kwamba mtu huyo anakaa mwisho wa kijiji, na kwamba atatupeleka mwenyewe akishaliweka jembe nyumbani. Akaenda kuliweka jembe.

Tulimngoja karibu saa nzima. Aliyeelewa kwanza ni Mdhamini. Hakutukana. Alianza kucheka taratibu, kisha akakaa palepale kwenye tope akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitaka kulia.

"Kijana," alisema, "vua miwani hiyo. Ungekuwa huna miwani ungemwona."

Mimi nilitaka tuingie porini kumsaka. Yeye akaulizia dada wa yule mtu, akaenda kwake, akasalimia vizuri, akaomba ungo, akaanza kumsaidia kuchagua mchele. Akachagua mchele siku hiyo, na kesho yake. Kesho yake mchana mtoro akaja mwenyewe kuangalia huyu mgeni wa dada yake anakula chakula cha nani. Tulirudi Ifakara watatu ndani ya basi moja, na njia nzima yule jamaa aliwasimulia abiria kisa cha jaruba, akiigiza sauti yangu. Aliiigiza vizuri, tena sana.

"Ukimfukuza mtu anakimbia, ukimkalia anachoka." Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake yote, mengine ni ufafanuzi. Siku ile nilimpa kadi yangu. Aliisoma kwa makini, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza yake ya chai iliyokuwa ikitikisika. "Kadi nzuri," alisema. "Ngumu." Mpaka leo meza haitikisiki.

Safarini alibeba mkoba wa turubai wenye vitu vitatu: kipande cha sabuni, mswaki mpya, na shati jeupe la mikono mirefu la saizi ya mtu mnene. Shati halikuwa lake. Lilikuwa la mtoro, yeyote atakayekuwa. Akishampata mtu, hata kama ametoka kulala shambani, humpa sabuni, humngoja aoge, kisha humvika shati. "Hakimu humwangalia mtu kabla ya kumsikiliza," alisema. Shati lile limesimama kizimbani mara nyingi kuliko mwizi yeyote wa bonde hili. Wembamba liliwazunguka mara mbili, wanene liliwagoma vifungo. Kulikuwa na karani ambaye akiliona tu linaingia mlangoni alianza kutafuta faili, kabla hata jina halijatajwa.

Na karani huyo huyo Mdhamini alikuwa hamsalimii. Alihubiri kusamehe kila alipokaa, watu wa jumuiya wakimwita wakati wa kupatanisha wanandoa, lakini karani aliwahi kumwambia mbele ya watu avue kofia, na hilo halikusameheka. Miaka mingi alipita mlango wa nyuma. Mtoto wa dada yake karani alipokamatwa, ni Mdhamini aliyemsainia, alisaini akiangalia dirishani ili asiseme habari za asubuhi. Karani alileta bata. Bata alipokelewa, aliyemleta akaambiwa awasalimie wengine.

Halafu kulikuwa na uongo wake. Ili kumpata mtu aliweza kuwa muuza mbegu, mganga wa mifugo, au baba anayemtafutia binti yake mchumba. Nilimsikia akimweleza mama mmoja wa Kiberege sifa za binti ambaye hakuwahi kuzaliwa, mpaka mimi mwenyewe nikamtamani. Dhambi hizo aliziungama. Inasemekana paroko alimshauri awe anazikusanya, aje nazo kwa mafungu. Lakini wenzake wa kazi hakuwadanganya hata wakimwuliza saa. "Ukimdanganya mtoro umefanya kazi," alisema. "Ukimdanganya mfuatiliaji mwenzako, umeua kazi."

Hapo ndipo penye dini yake hasa. Kazi yetu haina ofisi, haina sare, na polisi wanatuvumilia tu. Tulicho nacho ni desturi, na nyingi aliziweka yeye. Ukiingia eneo la mwenzako, kwanza piga hodi kwake. Unakwenda Mlimba, unaanzia kwa Mama mmoja anayekaanga vitumbua karibu na stesheni. Mkono mmoja unageuza vitumbua, mwingine umesainia nusu ya watu wa Mlimba. Unamwambia unakwenda wapi, humwambii unamtaka nani, naye haulizi. Unapewa chai. Na kubwa kuliko zote: mtu akiwa mikononi mwa mwenzako, humgusi wala humwulizi. Mwenzako anajua anachofanya. Heshimu.

Desturi hiyo mimi niliivunja mara moja, Kiberege. Nilimwona mtoro wangu gulioni, nikaona kupiga hodi ni kupoteza muda, nikamkamata mkono mbele ya watu. Kumbe Bwana wa Kiberege, mgambo mstaafu anayefuatilia upande ule, alikuwa amekaa naye wiki nzima akimlainisha, na siku ileile mchana wangepanda gari pamoja kwenda mahakamani. Jamaa alipoona amekamatwa, akaninyang'anya mkono na kupotea kwa miezi mitatu. Mdhamini hakunigombeza. Alinipa bata dume, yule wa matusi, akaniambia nimpeleke Kiberege nikaombe radhi. Nilisafiri na bata yule mapajani kwenye basi. Aliniuma kidole, akanichafulia suruali, na tulipofika Bwana wa Kiberege alitoka, akaniangalia, akamwangalia bata, akasema, "Huyu namjua. Kwa hiyo kosa ni kubwa." Tukala naye chakula, na tangu siku hiyo ni kama ndugu yangu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye niliyemsainia. Ni kweli alikuwa mwoga wa sindano. Sukari yake aliitibu kwa majani ya mlonge na kwa kutoizungumzia. Kidonda cha mguu alikificha kwenye soksi, mke wake alipokuwa amekwenda Mahenge kumwuguza mama yake, mpaka siku niliyomkuta hawezi kuvaa kiatu nikampeleka hospitali mwenyewe. Lakini neno lake lilikuwa neno. Muuguzi alipoeleza kwamba Jumatatu si siku ya kuchezea, kwamba vidole vikikatwa mapema mguu utapona na vikichelewa hakuna anayejua, Mdhamini aliitikia kwa unyenyekevu kuliko mtoto wa kipaimara.

Jumatatu saa nne simu ikaita.

"Mgonjwa wako hajafika," alisema muuguzi.

"Atafika, dada. Yule mzee hajawahi kuvunja ahadi."

"Mimi sikukuuliza tabia yake. Nimekuuliza yuko wapi."

Ningeweza kupanda bajaji na kuwa kwake kwa dakika kumi. Sikupanda. Nilijiambia, huyu si mtoro, huyu ndiye aliyeziandika sheria za watoro. Nikienda kumgongea mlango siku ya kwanza, nitakuwa nimemwambia simwamini. Jumanne nikajiambia labda amekwenda kuungama. Nilimpigia simu mara moja tu, haikupatikana, nikaona kupiga mara ya pili ni utovu wa adabu. Mke wangu aliniuliza kama mzee yule anaumwa mguu au mimi naumwa akili. Nikamwambia haya ni mambo ya kikazi, hawezi kuyaelewa.

Jumatano nilikwenda. Mlango ulikuwa na kufuli, mkewe bado yuko Mahenge. Jirani aliyeachiwa kulisha bata akasema Mdhamini ameondoka tangu Jumamosi, na mkoba wake wa turubai. Nilisimama pale uani nikiona aibu, kisha aibu ikageuka hofu, maana nilihesabu siku. Nilikuwa nimempa mtoro siku tano za kutangulia, kitu ambacho ningemcheka mfuatiliaji yeyote akikifanya.

Alhamisi nikaanza na simu. Bwana wa Kiberege alipokea haraka.

"Kaka, Mdhamini ametoweka. Umemwona?"

"Sijamwona, kaka. Wasalimie nyumbani."

Mama wa Mlimba naye: "Sijamwona, kaka. Vipi, huko mvua zinanyesha?"

Nilikaa na simu mkononi. Mfuatiliaji akiambiwa mtu ametoweka huuliza maswali kabla hajapumua: lini, kavaa nini, ana ndugu wapi, anachechemea mguu gani. Hawawezi kujizuia, ni ugonjwa. Hawa wawili hawakuuliza chochote. Mmoja alikuwa anajua alipo, na mwingine alikuwa ameombwa akae kimya. Mdhamini alikuwa amewatangulia kwa kuwapigia hodi, kikazi, kama inavyotakiwa. Na mvua za Ifakara Mama wa Mlimba hajawahi kuzijali hata siku moja.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi la Mlimba. Nilipofika, Mama alikuwa barazani na karai lake. Aliniona tangu mbali, hakusimama.

"Karibu, kaka. Habari za Ifakara?"

"Nzuri, dada. Nimekuja kupiga hodi."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi mbele. Nimefika."

Aligeuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili. "Yule ni mgeni wangu," alisema. "Alikuja mwenyewe, akaniomba kikazi nisimtaje. Na desturi unaijua. Kiberege ulipeleka bata wewe, si mimi."

"Najua, dada. Alikuambia anaumwa nini?"

"Kiatu kilimbana."

Katika miaka yote, huo ulikuwa uongo wa kwanza niliosikia Mdhamini amemwambia mtu wa kazi. Ndipo nilipoogopa hasa.

"Vidole vinaoza," nilisema. "Alitakiwa kukatwa Jumatatu. Niliyesaini ni mimi."

Aliweka upawa chini. Vitumbua vilianza kuungua na hakuvitazama.

"Tangu Jumatano nasikia harufu," alisema. "Nikachoma ubani chumbani. Nikasema, mtu mzima yule, mwalimu wetu, nitamwulizaje habari ya harufu? Kaka, nilimchomea ubani!" Akaanza kulia huku ameziba mdomo kwa kanga, akanionyesha mlango kwa mkono.

Mdhamini alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitenge. Ubani ulikuwa mwingi na haukusaidia kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mtoro mwenyewe ana mguu mmoja, na umechukua siku ngapi?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima," alisema.

Njiani ndani ya basi nilikuwa nimetunga hotuba. Ilikuwa na mfano wa mpunga na mstari wa Maandiko. Yote yalinitoka. Nilikaa chini sakafuni, nikaushika ule mguu juu ya kitenge, ulikuwa wa moto, nikasema, "Mzee, naogopa. Naogopa utakufa hapa, na mimi nimekunywa chai siku tano."

Alinitazama. Sikuwahi kumwona bila mzaha usoni, na sura aliyobaki nayo ilikuwa ya mzee wa kawaida kabisa.

"Na mimi naogopa," alisema. "Ndiyo maana niko hapa. Nimewaambia watu wote wale, twende, usiogope, hakuna aliyekufa kwa kuitwa jina lake. Nilikuwa najua nini? Nikishawafikisha mlangoni mimi nakwenda kunywa chai. Sijawahi kuingia na mtu hata mmoja."

"Mimi nitaingia."

"Mpaka ndani?"

"Mpaka watakaponitoa."

Mama wa Mlimba alitafuta gari la mizigo lililokuwa linarudi Ifakara na mchele, tukamlaza juu ya magunia Jumamosi asubuhi, yeye mwenyewe akakaa nyuma akimshikia mguu usigonge. Kiberege hatukuipita, iko upande mwingine, lakini Bwana wake, aliyepigiwa simu na Mama, alikuwa ameshafika hospitali kabla yetu, amesimama getini na kofia mkononi. Hatukusalimiana vizuri. Hakuna aliyejua aanze na pole au samahani.

Daktari alifungua kitenge, akaangalia, akafunika. Hakugomba, na ningependa angegomba. Alisema vidole vilikuwa habari ya Jumatatu. Sasa ni chini ya goti, na afadhali leo kuliko kesho. Nilipewa karatasi nyingine. Hii niliisoma neno kwa neno, kila nukta, na bado nikasaini mahali pasipo penyewe, ikabidi waniletee ya pili. Niliingia naye mpaka pale panapovaliwa kofia za kijani. Alinishika mkono mpaka walipomwambia aachie, na hata hapo aliyeachia kwanza ni mimi.

Alipozinduka kabisa ilikuwa kesho yake mchana. Wenzetu wawili walikuwa nje kwenye benchi, wanaogopa kuingia. Mdhamini aliliangalia shuka, mahali lilipolala bapa juu ya godoro. Hakulia. Alinyoosha mkono, akalipapasa pale bapa taratibu, akaurudisha mkono kifuani.

"Ungekuja Jumatatu ningekukasirikia," alisema. "Nisingekusemesha mpaka kufa."

"Ningevumilia, Mzee."

"Basi ungevumilia, kijana."

Akageukia dirishani. Nilitoka nje, nikapita kwenye benchi bila kusimama, nikaenda nyuma ya jengo la kufulia, nikalia pale kwa sauti mpaka mama mmoja mfuaji akaniletea kiti.

Mguu wa kulia una kliniki yake kila mwezi, siku ya Jumatano. Mdhamini huwa na sababu: kuna msiba, kuna misa, bata mmoja hali vizuri. Mimi hufika kwake Jumanne mchana, naweka begi langu sebuleni na kujinyoosha kwenye kochi. Mkewe ananipikia. Yeye ananuna, ananipa kisogo, ananiita askari. Hanisemeshi mpaka tumekwisha kupanda bajaji.